Siku nne Mwanza: nini cha kula, saa ngapi, na sato wa kumchagua

Swali: Shikamoo. Mwezi wa kumi na moja tunakuja Mwanza kwa siku nne kutoka Morogoro: mimi, mume wangu na mama mkwe wangu wa miaka 68. Mama ana presha na anaogopa miiba. Tumepanga nyumba yenye jiko. Tunataka kula vya huko, si chipsi kuku. Tutamjuaje samaki mbichi, tuagize nini, tunywe nini, na tubebe nini tukirudi?

Jibu: Marahaba, dada, karibuni sana.

Kabla ya kuulizia jina la mgahawa, pangeni saa. Mitumbwi ya Ziwa Victoria huingia alfajiri: ya dagaa ikitoka kuvua kwa taa usiku kucha, ya sato na sangara ikitoka kuopoa nyavu na ndoana. Samaki huyo yuko sokoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa mama lishe saa nne, na mezani kati ya saa sita na saa nane mchana. Asiyeuzwa hapo hukaangwa ili asiharibike, na jioni mteja akija hutumbukizwa tena kwenye mafuta apate moto. Mgeni anayeshuka kwenye basi saa mbili usiku akaagiza samaki mara nyingi hupewa huyo wa mara ya pili: mkia unavunjika kwa kidole, nyama imekauka na kuachana na mfupa, ngozi ina rangi ya kahawia iliyoiva mno. Kisha anaondoka akisema sato wa Mwanza anasifiwa bure. Kwa hiyo katika siku zenu nne, samaki awe mlo wa mchana. Usiku muachieni nyama choma; mko kwenye nchi ya wafugaji, na nyama ya mbuzi na ng'ombe ni nzuri bila kuhangaika sana kuitafuta.

Soko la kuanzia ni Mwaloni, Kirumba. Nendeni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, mkiwa na viatu vya kufunga, maana sakafu ni maji na magamba, na wasukuma mikokoteni hawasubiri mtu. Bebeni ndoo yenye mfuniko. Mkiwa na gari na muda, mialo (sehemu za kutua mitumbwi) ya Igombe na Kayenze upande wa Ilemela ina utulivu zaidi, ila uchaguzi unategemea siku hiyo ziwa limetoa nini.

Sasa kumchagua sato. Anza na kichwa: fungua matamvua kwa kidole. Yawe mekundu au ya waridi iliyokolea, yenye ute mwepesi. Yakiwa ya kahawia au kijivu, mrudishe. Ukikuta matamvua yameshakatwa kabla hujamwona samaki, jiulize kwa nini. Jicho liwe limejaa na kung'aa; lakini kumbuka samaki aliyelazwa kwenye barafu jicho lake hufifia kidogo hata kama ni mzima, hivyo usimkatae kwa jicho peke yake. Bonyeza nyama juu ya mbavu: shimo lijae papo hapo. Halafu tazama tumbo, na hapa ndipo wengi hupitiwa. Sato hula mwani, utumbo wake ni mrefu na hujaa, na vimeng'enya vyake huanza kulainisha ukuta wa tumbo kabla sehemu nyingine haijaonyesha chochote. Tumbo lililolegea au lenye doa la kijani maana yake amekaa muda mrefu bila kutumbuliwa, hata kama mgongo bado ni mgumu. Harufu iwe ya ziwa. Ukali unaopanda puani ni dalili mbaya.

Kuna harufu nyingine ya tope, ambayo si ya kuoza. Hutokana na mwani wa maji yaliyotulia, kwenye ghuba zenye kina kifupi au mabwawa. Haina madhara ila inaharibu mlo. Dawa yake ni kuusugua kwa chumvi utando mweusi ulioganda ndani ya tumbo hadi utoke, kisha kumwacha samaki kwenye maji yenye limao kwa dakika 10 na kumsuuza. Mapishi ya kienyeji mengi huruka hatua ya utando, na kisha watu wanalaumu ziwa.

Kwa ukubwa, sato wa gramu 500 hadi 700 anamtosha mtu mmoja na ugali. Sheria ya uvuvi hairuhusu sato chini ya sentimita 25 wala sangara chini ya sentimita 50, na ukiacha sheria, sato mdogo ni miiba zaidi kuliko nyama. Mama hatakushukuru.

Mkila kwa mama lishe au kwenye migahawa ya kando ya ziwa, utaratibu ni mmoja: chagua samaki kwa macho, ulizia bei, ndipo apelekwe kuparuliwa magamba. Bei ya sahani hupangwa kwa ukubwa, haipimwi kwa kilo, na ikishaingia jikoni huna tena cha kujadili. Ulizia pia kama ugali na mboga vimo kwenye bei hiyo.

Agizeni mchemsho siku ya kwanza. Mafuta ya moto na pilipili vinaweza kumficha samaki wa jana. Maji, chumvi na nyanya haviwezi. Mchuzi wa sato aliyetoka majini asubuhi huwa mwepesi, wenye vitone vichache vya mafuta juu, na nyama hutoka kwa vipande vyeupe vikubwa. Mchuzi ukiwa mzito wa kijivu na nyama ikawa chenga, basi kesho nendeni kwingine.

Kwa kuwa mna jiko, mnaweza kuupika wenyewe. Kwa watu watatu: sato wawili wa gramu 700 waliokatwa vipande vitatu kila mmoja (kichwa usitupe), viazi mviringo vinne au ndizi mbichi nne, nyanya tatu, kitunguu kikubwa kimoja, karoti moja, hoho moja, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, punje tatu za kitunguu saumu, limao moja, maji lita moja. Chemsha viazi kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na nusu ya kitunguu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo viazi mnavyovipa dakika 15 kule kwenu huku vipeni 20. Maharage ndiyo yatawashangaza zaidi. Yalowekeni usiku kucha. Viazi vikikaribia kuiva weka nyanya, karoti, kitunguu kilichobaki, na baada ya dakika tano panga vipande vya samaki juu. Punguza moto, funika, dakika 10 hadi 12. Usikoroge. Shika sufuria kwa vitambaa uitikise tu. Kosa la kawaida ni kuweka samaki na viazi kwa pamoja, na matokeo yake viazi vinaiva samaki akiwa ameshageuka uji wenye miiba, jambo ambalo kwa mama mkwe wako ni hatari kabisa. Hoho na maji ya limao vinaingia mwisho, moto ukishazimwa. Limao likichemka na ganda lake mchuzi unakuwa mchungu.

Chumvi: nusu kijiko cha chai inatosha sufuria nzima kama limao na tangawizi vipo. Kwenye migahawa sema mapema, kabla hawajaanza kupika, na taja pia viungo vya mchuzi vya paketi, kwa sababu mpishi anaweza kukupunguzia chumvi ya kijiko akaongeza ya paketi bila kufikiri.

Kuhusu miiba, mama anafaa kula sangara. Miiba yake ni mikubwa, michache, na inaonekana. Sato ana mbavu nzuri za kutoa lakini ana vijimiiba karibu na mapezi ya mgongo. Kama mama anamtaka sato, mpeni nyama ya ubavu wa juu, katikati ya kichwa na mkia, mkishaichambua kwa mkono. Furu na ningu, samaki wa ziwani wenye miiba midogo mingi, msimkaribishe hata kidogo. Furu ni watamu wakichemshwa na nyanya, na wenyeji wanawapenda kwa sababu walikuwa karibu kupotea miaka ya 1980 sangara alipoongezeka ziwani, lakini ni samaki wa mtu aliyekulia kuchambua miiba kwa ulimi.

Sangara wenyewe ni wageni. Waliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na sato huyu tunayemwita wa Mwanza naye aliletwa kipindi hicho hicho. Mwenyeji wa asili ni ngege, ndugu yake sato, ambaye sasa ni adimu. Mkitajiwa ngege kwenye meza, ulizeni kama ni yeye kweli au ni jina tu.

Sangara mkubwa ana mafuta mengi na akikaangwa hulemea tumbo. Afadhali achomwe: mishikaki ya minofu yenye unene wa vidole viwili, ndimu, kitunguu saumu, dakika nne au tano kila upande. Viwanda vya Mwanza huchukua minofu na kuisafirisha nje, na kinachobaki, yaani kichwa na uti wa mgongo wenye nyama iliyong'ang'ania, ndiyo mapanki. Mkiyakuta yamekaangwa asubuhi hiyo, ni chakula kitamu cha bei ndogo, hasa nyama ya mashavuni. Ila mapanki hayajifichi: yakilala siku moja mafuta yake huchacha na harufu unaisikia kabla hujafika kwenye karai. Mabondo, yaani mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, hamtayaona kwenye sahani. Yanakaushwa na kuuzwa nje kwa bei inayoshinda ya samaki mwenyewe.

Sato wa kuchoma nendeni mkamle siku ya pili. Neno moja la kumwambia mchomaji: asimkaange kwanza. Wengi hukaanga kisha humpitisha juu ya makaa dakika chache apate mistari, kwa sababu ni haraka. Sato wa kuchoma kweli hupasuliwa mara tatu kila ubavu, hupakwa chumvi na ndimu, na huwekwa kwenye wavu uliokwisha pata moto na kupakwa mafuta, juu ya makaa yaliyofunikwa na jivu jeupe. Wa gramu 700 anataka dakika 10 hadi 12 kila upande. Wavu ukiwa baridi ngozi hunata na nusu ya utamu hubaki kwenye chuma. Kwa hiyo ukiletewa samaki ndani ya dakika tano tangu uagize, huyo alikuwa ameshaiva kabla hujafika. Mnaokula ufukweni, msiingize miguu majini mkisubiri. Maji ya kina kifupi yenye majani yana konokono wa kichocho, na kichocho hupenya ngozi.

Dagaa. Wapo wabichi na wakavu. Wabichi hupatikana asubuhi tu, na si kila wiki: mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haiwavuti, hivyo angalieni kalenda ya mwezi mkipanga safari. Hukaangwa wakiwa wamechovywa kwenye unga kidogo wa mahindi na chumvi, wakaliwa wazima. Dagaa wa huku ni wembamba na wadogo kuliko wa Kigoma, na ladha yao ni tofauti, hivyo msiwapime kwa mizani ya wale.

Upande wa ugali, usipotaja chochote utaletewa wa sembe. Sema unataka wa muhogo, au wa udaga uliochanganywa na mtama. Udaga ni muhogo uliovundikwa kisha kukaushwa na kusagwa. Una uchachu kidogo, rangi ya kijivu, na hunata, kwa hiyo lowesha vidole kwenye maji kabla ya kumega. Ni mzito. Tonge mnalozoea mligawe mara mbili. Unakwenda vizuri sana na dagaa wa karanga na mlenda, na pia na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga zilizotwangwa. Nsansa si ya kila mgahawa. Ulizieni kwa mama lishe wa maeneo ya masoko, na afadhali siku moja kabla, maana inataka muda motoni.

Kifungua kinywa tafuteni matobolwa na michembe, vyote vya viazi vitamu. Matobolwa huchemshwa kwanza, hukatwa, ndipo yakaanikwa. Unatafuna hivyo hivyo na chai au karanga. Michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, kwa hiyo lazima vipikwe: vioshe, viloweke, vichemshe hadi vilainike, vipondwe na karanga au maharage. Mgeni akichanganya mifuko miwili hiyo atavunjika jino. Matobolwa ya mama yalowekeni kwenye maji ya moto kwanza.

Novemba mnabahatika na senene, panzi wa kuliwa. Wengi hutoka Kagera, na mvua za vuli ndizo hasa msimu wao. Nunueni waliokwisha tolewa mabawa na miguu, wa kijani au kahawia, wasio na harufu. Hukaangwa bila mafuta. Mafuta yao yanatosha. Chumvi na kitunguu, moto wa wastani, dakika 15 hivi hadi wawe wakavu na wa dhahabu. Moto mkali huwaunguza nje ndani wakiwa na maji. Mtu anayevimba au kuwashwa akila kamba wa baharini asiwaguse.

Vinywaji havina mambo mengi. Maziwa mgando ni kinywaji na ni mboga, huliwa na ugali. Ulizeni kama yalichemshwa kabla ya kugandishwa, kwa sababu maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kuleta homa ya muda mrefu. Togwa ni nzuri mchana wa jua. Ulizeni ilitengenezwa lini, kwani ya siku mbili tatu huanza kupanda kichwani. Ukerewe hutoa machungwa matamu, na juisi yake hapa mjini haihitaji sukari. Semeni hivyo kabla hawajaiweka. Mumeo akitaka bia, Balimi ndiyo inayojulikana kama bia ya Kanda ya Ziwa, na mhudumu atamuuliza "moto au baridi", akimaanisha ya kwenye kreti au ya kwenye friji. Rubisi, pombe ya ndizi, ni ya Kagera zaidi, na ni tamu ikiwa ya siku hiyo. Gongo msiguse, hata akiwahakikishia mwenyeji. Haina kipimo, hamjui imepitia chombo gani, na ni marufuku. Na kahawa ya Kagera, ya unga au ile ya mbegu za kutafuna, ni zawadi nyepesi mfukoni.

Tumalizie na mizigo. Kayabo, yaani sangara wa chumvi, mtamwona Mwaloni kwa marobota. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha, mwacheni. Dagaa wakavu wanafaa, lakini Novemba ni mwezi wa kuwa makini: mvua ikinyesha wakiwa wameanikwa huchelewa kukauka, hubadilika kuwa wekundu au manjano, na wanakuwa wachungu hata ukitoa vichwa. Tafuteni wenye rangi ya fedha, wanaokatika kwa mlio, waliokaushwa juu ya chanja. Chota kiganja kutoka chini ya gunia, si juu, usugue kwa karatasi nyeupe, mchanga utaonekana. Wakati wa kupika waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, watoe kwa kuwaokota juu badala ya kumwaga maji, rudia mara tatu, mchanga ubaki chini ya bakuli.

Sato wa kurudi naye anunuliwe asubuhi ya siku ya tatu, si siku ya safari. Aparuliwe, atumbuliwe, atolewe matamvua, aoshwe na akaushwe kwa kitambaa, kila mmoja afungwe kwenye mfuko wake, kisha agande usiku mzima hadi awe jiwe. Basi hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 900, hivyo tumieni boksi la povu lililojazwa kabisa bila nafasi tupu, na chupa za maji zilizogandishwa pembeni. Barafu ya mapande huyeyuka ikawa maji ya damu, na kondakta akiona buti inavuja mzigo wenu utashushwa. Mkikosa friza, barafu iwe kilo kwa kilo ya samaki, boksi lililofungwa ndani ya mfuko mzito wa nailoni. Mkitaka kubeba zaidi ya kitoweo cha nyumbani, piteni kwa maofisa wa uvuvi sokoni mjue kama mnahitaji kibali, kabla ya kununua. Dagaa, mkifika, waanikeni jua la saa mbili kabla ya kuwafunga kwenye ndoo, kwa sababu unyevu walioupata njiani ndiyo unaoleta ukungu.